Bwana Upepo Avuliwe Maski, Hata Nusu Dakika

Gerishon Mbuthia,
Mwelekezi wa Filamu,
Huruma, Eldoret.

Kwa Mama Wangeci,
Mwenyekiti, Kamati ya Wafadhili wa Filamu za Bwana Upepo,
Kiwanda cha Chakula cha Mifugo, Kapseret.

Mama Mwenyekiti,

Kwanza nikujulishe kwamba mimi ni mtu wa bahati. Wengine huzaliwa na meno, mimi nilizaliwa na bahati. Wiki iliyopita kampuni kubwa ya filamu ya Afrika Kusini ilinipigia simu ikiniomba niende nikawaongozee filamu tatu za mashujaa, na tikiti ya ndege wameshanitumia, kiti cha dirishani. Kwa hivyo usisome barua hii ukidhani imeandikwa na mtu mwenye shida. Ninaandika nikiwa nimeshiba. Ninaandika kwa sababu ninawapenda, na mtu akiondoka kwa watu ni vizuri aseme paa linavuja wapi.

Mimi nimetembea, Mama. Nimefika Malaba, nimefika Namanga. Shuleni niliishia kidato cha pili, yaliyobaki nikayamalizia kwenye vibanda vya video, na sijui mtu Huruma ambaye ametazama mashujaa wa ng'ambo kunishinda. Hata huko taabu ni hii hii: mwelekezi anaota ndoto yake, wenye kampuni wanamwamsha kumwambia ingekuwa tamu zaidi ikiwa na sehemu ya pili. Kwa hivyo sikulaumu peke yako. Malalamiko yangu ni manne.

1. Asili ya nguvu. Katika skripti yangu, Bwana Upepo alipata mbio zake siku babake alipoanguka shambani, naye akakimbia kilomita kumi kutafuta daktari, akarudi amechelewa. Tangu siku hiyo hajui kwenda polepole. Kamati ikafungua kikao kwa maombi, ikapitisha kwamba alipata mbio kwa kula chakula cha ng'ombe cha kiwanda chenu akiwa mtoto. Nilikubali, maana mimi si mtu wa fujo. Lakini tangu sehemu ya kwanza ionyeshwe, wamama watatu wa Kapseret wameniuliza mtoto akishamaliza kilo moja huanza kukimbia baada ya siku ngapi. Nimewaelekeza kwako. Mtaalamu wa chakula ni wewe.

2. Adui. Niliandika adui awe landlodi. Ikakataliwa, kwa kuwa wanakamati wawili wana nyumba za kukodisha hapa Huruma. Nikamfanya broka wa mahindi, kumbe mweka hazina hununua mahindi Moi's Bridge. Nikajaribu chifu, nikajaribu mwalimu mkuu, nikajaribu hata daktari wa meno. Mwishowe ikaamuliwa atoke mwezini, kwa sababu huko kiwanda hakina wateja. Sasa Kuria, anayeigiza adui, kila asubuhi ananiuliza mtu wa mwezini amekasirishwa na nini Eldoret. Yeye ni fundi wa mageti. Ameweka chini mashine ya kuchomelea ili aje kununa bila sababu.

3. Hakuna anayeruhusiwa kufa. Lori lenu limeshachorwa ubavuni "Bwana Upepo, Sehemu ya 1 hadi 11", na mimi ndio nimefika ya tatu. Nikiuliza hadithi itaisha lini, naambiwa rangi ilishakauka.

4. Hayo matatu nimeyaandika ili upate joto. Hapa ndipo ninapoumia.

Kipkoech, yule wa boda boda, amekuwa ndani ya maski ya Bwana Upepo tangu siku ya kwanza. Unajua ile maski tuliishona kwa ngozi ya kiti cha pikipiki. Jua likiwaka ni kama kuvaa sufuria. Hajawahi kulalamika. Ameomba kitu kimoja tu: katika sehemu ya tatu, Bwana Upepo afike nyumbani, abishe, mama afungue mlango, naye avue maski. Mama ampe mursik, yale maziwa lala ya kibuyuni, anywe. Basi. Ni nusu dakika. Na huyo mama ataigizwa na Mama Kipkoech mwenyewe, ambaye ameshatayarisha kibuyu na ameshatangaza kanisani kwamba uso wa mwanawe utaonekana.

Kamati ikaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba maski isitolewe. Ikaongeza kwamba, kwa vile Kipkoech ameanza kuuliza maswali, kikao cha Ijumaa kitampa nafasi yake Kiplimo, ambaye urefu wao ni mmoja. Nilipokuja kwako uliniambia, kwa upole kama kawaida yako, "Gerishon mwanangu, uso ukijulikana unakuwa na maneno. Maski haina maneno."

Mama, maski si mtu. Ushahidi uko. Tulipoonyesha sehemu ya pili kwenye ukumbi wa kanisa, na Bwana Upepo akaanza ile mbio ya barabara ya uwanja wa ndege, Mama Kipkoech alisimama mbele ya watu wote akaonyesha kwa kidole: "Huyo ni wangu. Oneni, anakimbia kama babake." Maski ilikuwa imefunika kila kitu. Mama alimjua kwa miguu. Ukumbi ulipiga makofi, na wewe ulipiga, nilikuona. Mtu wa namna hiyo unambadilishaje?

Na kama bado mnasema vazi latosha, basi naomba kwa heshima kanuni hii itumike kote. Ijumaa nitakuja na Tabby wa chapati. Urefu wenu ni mmoja. Avae ile kofia yako ya zambarau, akae kiti cha mwenyekiti, nanyi mfungue kwa maombi kama kawaida. Akipitisha kwamba kila gunia la chakula cha ng'ombe liuzwe na chapati mbili, msishangae, kofia ni ile ile. Jumapili kanzu ya mchungaji apewe yeyote itakayomtosha. Na kwenye arusi, suti ikimkaa vizuri jirani, bibi arusi asiulize.

Ombi langu ni hilo: Kipkoech abaki, na maski itoke nusu dakika. La sivyo, ndege inaningoja.

Nisalimie mweka hazina, dereva wa lori, vijana wa kupakia magunia, na ng'ombe wote wanaokutegemea.

Ni mimi, ninayekuheshimu hata ukikataa,
Gerishon Mbuthia.

Tanbihi: Mama, nimeisoma barua hii mara mbili na kuna jambo sijakuambia. Ile mbio iliyomsimamisha Mama Kipkoech ukumbini, aliyekuwa ndani ya maski ni mimi. Kipkoech alikuwa ameenda kumvunia mjombake mahindi, na kamera tulikuwa tumeazima siku moja tu. Nikavuta tumbo ndani, nikakimbia. Kwa hivyo kamati haikukosea: maski inamtosha mtu yeyote, hata mamake hawezi kujua. Lakini siku ile ukumbini Kipkoech alikuwa ameketi kando ya mamake, na watu wakipiga makofi yeye aliinamisha kichwa. Tukamwacha mama na furaha yake. Mpaka leo nikipita kwao mama ananikaribisha chai, ananisimulia mbio zangu kama za mwanawe. Mpe Kiplimo mbio zote. Mpe hata kuruka. Kipkoech umwachie ule mlango tu.

Na hakuna kampuni ya Afrika Kusini. Hakuna mtu amenipigia simu.