Kitabu Kilichokatwa Vipande Vitano

Jumatatu, 6 Machi 2006

Jana nilijitia kitanzi mwenyewe. Nilikuwa Mutuini, sebuleni kwa kina Nyawira, nikingoja neno moja tu: mamake ataje siku ya wazee wetu kuja kutoka Machakos kuniombea mke. Mbuzi wawili wamefungwa huko tangu Krismasi, wanakula bila kazi. Badala ya tarehe, akaniuliza ninasoma kitabu gani siku hizi. Mama huyo, Mwalimu Virginia, amestaafu, lakini akikuuliza swali bado mkono unataka kuinuka. Nikasema vingi. Akataka kimoja. Nikasema mimi siku hizi sisomi peke yangu, nina klabu ya vitabu.

Akafurahi. Klabu ije kwake Jumapili, atapika chapati, na mambo ya wazee tutayazungumza baada ya kitabu.

Klabu haipo. Kitabu hakipo. Siku ni sita.

Jumanne, 7 Machi

Mchana nilishuka mjini, pale wanapotandaza vitabu vikuukuu kando ya barabara. Nikamwambia muuzaji nataka cha kumpendeza mama mkwe. Akauliza ni mkali kiasi gani. Nikasema alikuwa mwalimu. Akanipa riwaya iliyonyofoka jalada, hata jina haina. Alisema hapo hakuna mwalimu atakayekubali kwamba haijui. Mtu kama huyo angekuwa ofisini kwetu Hurlingham, angekuwa meneja.

Nakala moja, wanachama watano: Mwalimu, Nyawira, Tata Wanjugu ambaye ni dada mdogo wa Mwalimu, mimi, na Mwaura. Mwaura ni jirani yao. Anafundisha kemia na hana mke. Sikumwalika mimi. Tata Wanjugu humwita "mkwe" kwa mzaha ambao mimi peke yangu siucheki.

Mwalimu alipiga simu kuuliza wanachama wangu wa zamani wako wapi. Nikasema wamehamishiwa Eldoret. Wote? Wote.

Jumatano, 8 Machi

Suluhisho lilikuwa mbele ya macho yangu: mashine ya ofisi ya kukatia karatasi. Kitabu vipande vitano, kila kipande ndani ya bahasha ya kaki yenye jina la msomaji. Cha mwisho nimejiwekea mimi. Anayeshika mwisho ndiye mwenyekiti. Wala sina haja ya kukisoma. Kila mtu atasimulia chake, nami nitatupia jicho ukurasa wa mwisho nifunge kikao.

Ijumaa, 10 Machi

Nyawira amemaliza kipande chake. Amelia. Ameuliza kama nimesoma changu. Nikamwambia mwenyekiti haulizwi. Akasema kurasa arubaini na kitu ni jioni moja tu, Kitavi. Hajui uongozi.

Jumapili, 12 Machi

Maombi. Kisha Mwalimu akafungua daftari na kuomba kumbukumbu za kikao kilichopita. Nikasema katibu alikwenda nazo Eldoret.

Yeye kipande chake ni cha kwanza. Akaeleza kwamba Sadiki, mwenye hadithi, ni mtu mpole, anafundisha katekisimu. Tata Wanjugu akaweka kikombe chini. Mpole wapi? Magunia sita ya kahawa ya ushirika, nani ameyabeba? Nyawira akasema amesingiziwa, yuko jela analia. Mwaura, kipande cha nne, akasema jela hayuko, ametoroka. Tata akasema alijua tu. Wakazozana mpaka chapati zikapoa, kila mtu na Sadiki wake. Halafu wote wakanigeukia. Inaishaje?

Nikafungua kipande changu kwa mara ya kwanza. Mstari wa chini kabisa: "Sadiki akasukuma mlango, akamwona". Baada ya hapo, gundi kavu. Kurasa za mwisho hazipo.

Nikasema akamwona mama wa mchumba wake. Mama akamsamehe pale pale mlangoni, akampa binti, ikawa harusi kubwa.

Mwaura akasafisha koo. Akasema kitabu hiki alikisoma chuoni. Nikaona mbuzi wangu wakifunguliwa na kurudishwa malishoni. Akaendelea: naam, ile harusi ilimgusa sana.

Mwongo mkubwa. Na katika nyumba nzima ni mimi tu ninayejua, na siwezi kumshtaki.

Mwalimu akaandika. Harusi iko ukurasa gani? Nikasema mia mbili na kumi na nne. Akasema Jumapili ijayo niulete aushike mkononi. Wazee baadaye.

Jumatano, 15 Machi

Nimeipiga chapa harusi yote kwenye kompyuta ya ofisi, kurasa nane. Karatasi zikatoka nyeupe kama meno ya tangazo. Nikaziloweka kwenye sinia la chai ya rangi ya Kalekye, anayetupikia chai ofisini. Kalekye akanionya kwamba ameitia tangawizi. Nikamwambia tunatafuta rangi, si ladha. Zimekauka dirishani. Zimezeeka vizuri kuliko mimi.

Jumapili, 19 Machi

Mwalimu alizipokea, akavaa miwani. Hakusoma kwanza. Alinusa. Akampitishia Tata Wanjugu, naye akanusa, akauliza kama Sadiki alioa kwenye hoteli ya chai.

Ndipo Mwalimu akachukua kalamu nyekundu. Alisahihisha kurasa zote nane mbele yetu, pole pole, nasi tumekaa. Chini akaandika: 11/20, mama mkwe anasamehe upesi mno. Kisha akaenda chumbani, akarudi na nakala nzima, jina lake ndani, mwaka 1979. Alifundisha kitabu hicho miaka kumi na mmoja. Nyuma ya mlango Sadiki anamwona askari, na hapo ndipo mwisho wake. Harusi haipo. Akamgeukia Mwaura, akamuuliza ile iliyomgusa ilikuwa ya nani. Mwaura akatazama kiatu chake.

Hukumu: vile vipande vitano nivishone kwa sindano na uzi. Halafu nakala yake tupeane mimi na Mwaura, kila mmoja aisome yote. Siku nitakayosimama nikaisimulia toka mwanzo hadi mwisho bila karatasi, siku hiyo atataja tarehe ya wazee. Akaniwekea kitabu mikononi kwa mikono miwili, akasema nikitunze, hana kingine.

Nyawira alinisindikiza hadi langoni. Akasema hata yeye anangoja.

Jumatatu, 20 Machi

Nimejichunguza bila kujionea huruma. Kosa lilikuwa tangawizi.

Nimempigia Mwaura. Si mtu mbaya, ukimzoea. Kurasa ni mia mbili na ishirini. Yeye atasoma nusu ya kwanza, mimi ya pili, kisha tusimuliane. Nakala ni moja na sisi ni wawili, lakini hilo si tatizo. Mashine ya kukatia haina mtu saa saba.