Mzaha Uliohakikishwa na Watu Thelathini na Mmoja

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Dada Emérence amerudi kutoka chuo kikuu na hakula. Bugali imepoa. Sombe imepoa. Nikajua mambo ni mabaya.

Ni mabaya kuliko nilivyodhani. Dada ni asistanti. Anafundisha mbinu za utafiti kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sosiolojia. Wanafunzi wanasinzia. Profesa Syauswa, mkuu wa idara, amesikia. Ijumaa atakuja mwenyewe kuketi darasani. Wakisinzia mbele yake, somo litapewa Josaphat, na mkataba wa dada utaishia hapo.

Josaphat! Asistanti mwenzake, tena mpangaji wetu katika nyumba ndogo ya uani. Anapiga pasi tai yake mlangoni ili sote tuione. Anasema wanafunzi wake wanacheka huku wanaandika.

Mkataba ukiisha, dada anabaki na barua moja tu ya kazi: shirika fulani, ofisi ya Eringeti. Yaani unafika Beni, halafu unaendelea mbele, kwenye barabara ambako watu wanaviziwa na kuuawa. Mama yetu Adèle alisoma neno Eringeti, akaikunja barua, akaiweka chini ya godoro. Kana kwamba ukificha barua, barabara nayo inafichika.

Nimeamua. Dada atachekesha. Mimi, Kahongya, niko mwaka wa sita wa sekondari, sehemu ya sociale, yaani masomo ya jamii. Utafiti nimefundishwa vizuri. Nitamwokoa.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Dada hana kipaji cha mzaha. Nilimpa mmoja mwepesi, wa padri aliyefukuzwa na nyuki. Akaanza kwa kueleza aina za nyuki. Alipomaliza, mama aliuliza kwa huzuni kama yule padri amepona.

Basi tunahitaji mzaha uliohakikishwa. Kitabu cha somo la dada kinasema: waulize angalau watu thelathini. Wapi nitapata watu thelathini walioketi, wasioweza kukimbia?

Nimepata! Kesho parokia ya Vulamba inapima presha bure.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Ushindi! Nilifika baada ya masomo, bado na uniforme. Mabenchi yamejaa. Watu thelathini na mmoja! Wote wazee, kweli, lakini kitabu kinasema watu, hakitaji mvi.

Kwetu mjukuu wa kike ni bibi, yaani mke, wa kila tate, babu yeyote yule, na ana ruhusa ya kumtania. Nikampitia kila mmoja: «Bwana yangu, mbuzi zangu za mahari ziko wapi?» Kwa wamama wakubwa: «Muke mwenzangu, mbuzi zangu ni weye umekula?» Tate Maliro, miaka themanini na mitatu, akasema mbuzi ziko njiani toka Lubero, zimeumia miguu, zinangoja viatu. Benchi nzima ikaanguka kwa kicheko. Mzee mmoja akaapa kwamba aliniletea kumi na mbili, baba yangu akazificha.

Muuguzi alikasirika. «Weye mutoto, toka apa! Presha zote zinapanda, mashine itasema nini?»

Lakini nilikuwa nimemaliza. Swali langu kwa kila mmoja: Mzaha huu ni muzuri, ao ni muzuri sana? Jibu: muzuri sana. Thelathini na mmoja kwa thelathini na mmoja. Asilimia mia! Nimeandika majina, umri na majibu, kwa rula.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimemwonyesha dada ile asilimia. Anaamini namba kama wengine wanavyoamini medali za kanisani. Akauliza watu hao ni nani. Nikajibu: watu wazima wa Vulamba. Si uongo.

Halafu akafanya kitu ambacho mimi nisingeweza. Akasema mbuzi aliyeahidiwa ni dhana, mbuzi aliyefungwa uani ni data. Mchumba akileta dhana tu, harusi hakuna. Akacheka! Mara ya kwanza wiki hii. Nikamwandikia kwenye kikaratasi namna ya kuanza: Mgeukie mzee mwenye mvi. Uliza kwa sauti.

Jioni Josaphat alikuja kuomba makaa ya pasi yake. Akasimama karibu na meza kuliko makaa yalivyohitaji. Baadaye ukurasa wa majina sikuuona. Upepo, labda.

Mama amefua begi kubwa la safari la dada na kulianika kwenye kamba. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Sisi wote tunalipita kwa kulizunguka.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Naandika upesi, kabla sijasahau.

Saa nane mchana. Nilivaa koti la dada, nikaketi nyuma kabisa kama mwanafunzi. Auditoire imejaa, watu tisini. Wawili tayari wamelaza vichwa. Josaphat pembeni, tai imenyooka. Profesa Syauswa benchi la mbele.

Nikatafuta mzee mwenye mvi. Alikuwa mmoja tu, ukumbi mzima. Nimekufa!

Nilipunga mkono. Nilitikisa kichwa. Dada alidhani ninamtia moyo. Akakitazama kikaratasi, akamgeukia mkuu wa idara, akauliza kwa sauti: «Bwana yangu, mbuzi zangu za mahari ziko wapi?»

Kalamu moja ilianguka. Ilibiringika muda mrefu sana.

Profesa akavua miwani. Akaifuta. Akasema polepole kwamba yeye alioa mwaka 1988, na mbuzi wote walifika.

Hakuna aliyecheka. Dada akasema kwamba mzaha ule umejaribiwa kwa watu thelathini na mmoja na wote waliupenda. Ndipo Josaphat aliposimama. Na ukurasa wangu mkononi! Akasema: «Kwa heshima zote, asistanti, lakini tujulishe hawa watu ni banani.» Akasoma. Maliro, themanini na tatu. Mwingine, sabini na tisa. Mwingine, tisini, hasikii vizuri. Akaendelea mpaka wa mwisho. Mahali pa kuhojiwa: foleni ya presha. Mtafiti: bibi wa wote.

Watu tisini wakapasuka kwa kicheko. Waliolala wakaamka na kuuliza wenzao kuna nini. Mimi niliingia chini ya benchi. Huko chini niliona kichwani begi, kamba, barabara ya Beni.

Nilipochungulia, dada alikuwa bado amesimama. Machozi karibu. Akachukua chaki. Akauliza: sampuli hii ina makosa mangapi?

Mikono ikainuka! Mmoja akasema ni wazee tu. Mwingine: tate gani atakataa kumchekea mjukuu? Msichana mmoja akasema swali lenyewe limefunga mlango wa kusema mbaya. Mwingine: walikuwa wanangoja muuguzi, wangecheka hata na mbuzi mwenyewe. Wakabishana. Wakaandika. Kosa la kumi na moja. La kumi na mbili alilitoa Profesa, mkono juu kama mwanafunzi: mtafiti hakuuliza hata mtu mmoja wa aina ya wale watakaosikiliza mzaha.

Hakusema uamuzi. Alitoka tu, huku anaandika.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Uamuzi! Somo linabaki kwa Emérence, mwaka huu na mwaka ujao. Amewajibu watu wa Eringeti: asante, hapana. Mama amelala mpaka saa mbili asubuhi, kitu ambacho sijawahi kukiona. Josaphat leo anapiga pasi ndani, mlango umefungwa.

Dada aliketi nami saa nzima, bila hasira. Alisema usichague wanaokupenda. Acha bahati ichague, hata ikikuletea atakayekukatalia. Na swali lisibebe jibu lake mgongoni. Nimeandika yote. Nimeelewa yote.

Jioni nimeanza utafiti mpya: Je, Kahongya anafaa kusoma sosiolojia mwakani, ao anafaa sana? Nimeandika jina la kila mkazi wa nyumba kubwa na ya uani kwenye kikaratasi chake, nikavitia vyote ndani ya sufuria. Nikafunga macho, nikachota. Josaphat. Nikarudisha, pengine sikuchanganya vizuri. Nikachota tena. Josaphat!

Bahati inahitaji kusaidiwa. Mara ya tatu nilifunga jicho moja tu.