Kahawa ya Mgeni Pangoni

Alhamisi, 10 Julai
Nimefika! Mji wenyewe ni barabara moja, kanisa, na mapango ya chokaa nyuma ya migomba. Nimetoka Rwamishenye kuja kumwomba mzee wa hapa, Ta Karugendo, aniruhusu nimwoe binti yake Benadetha. Akikataa, basi. Benadetha hatoroki na mtu, kaniambia wazi. Nikakaribishwa akamwani, kahawa ya kutafuna ya mgeni. Chungu hiyo! Nikatafuna moja, nyingine zote mfukoni. Mzee akauliza kama nayajua mapango yao, yale yenye mto unaopita chini ya ardhi. Nikasema nayapita hata nikiwa nimefumba macho. Sijawahi kuingia hata stoo yenye giza.

Ijumaa, 11 Julai
Balaa! Mzee anataka nimpeleke kesho hadi mtoni. Benadetha akasema tumchukue Yoeli, jirani yao, ndiye huongoza wageni. Yoeli! Na mabuti yake, na tochi ya kichwani, na anavyomchekea Benadetha! Nikasema Yoeli apumzike. Mbinu ninayo. Nitadondosha kitu njiani, kurudi nitakifuata. Kitu gani? Mfuko umejaa akamwani, na leo nimeongezewa. Kichwa hiki, jamani!

Jumamosi, 12 Julai
Tuliingia saa tatu asubuhi, mimi mbele, mzee nyuma. Kila kona, kahawa moja. Njia ikagawanyika mara nne, sikubabaika. Tukafika mtoni. Maji meusi, yananguruma chini ya mwamba. Nikageuka kwa madaha, nikamulika chini. Hakuna kahawa. Hata moja! Nikamwambia mzee tusubiri kidogo, mto huu una taratibu zake. Mzee akafungua kiganja. Zote zimo! Akasema amekuwa akiziokota tangu mlangoni, maana kahawa anayopewa mgeni haitupwi chini. Nilitamani ardhi inimeze, ila ilikuwa imeshanimeza. Nikakiri yote: mapango siyajui, kahawa inanishinda, giza naliogopa. Akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, akanitoa. Kumbe utotoni alikuwa akichota maji mle mle. Njia nzima hakunisimanga. Mungu ambariki mzee huyu.

Jumapili, 13 Julai
Ameridhia! Baada ya misa, mbele ya ukoo. Kasema mwongo dhaifu kama mimi hataweza kumficha binti yake kitu, na kwamba pale mtoni nilisema kweli kiume. Benadetha alicheka hadi akafuta machozi. Yoeli naye kaja kunipongeza, na mkungu wa ndizi begani. Nashukuru, jamani, nashukuru! Sijawahi kuaibika hivi na kupendwa hivi kwa wakati mmoja. Mzee ana ombi moja tu, nisijifanye tena kujua nisichokijua. Nikaapa mbele ya wote. Tukala ndizi na samaki, nikashiba, moyo mweupe. Kisha akasema kesho anarina asali na msaidizi wake anaumwa. Nikamwambia asijali, mimi na nyuki tunafahamiana tangu zamani.