Marashi ya Zabron Mnadani

Zabron alipowaona waumini wa Mafinga wakigombania boga moja hadi shilingi elfu thelathini, machozi ya furaha yalimlengalenga. Ibada imekwisha, sadaka za mazao zinanadiwa nje ya kanisa, na watu wa Mungu wanalipa bila kununa!

Begini alikuwa na chupa arobaini za marashi aliyoyapika chumbani kwake Mbeya: spiriti, maji, rangi ya chakula, na dawa ya kudekia yenye harufu ya msonobari. Mtaji wake wote uliobaki, laki na nusu, ulikuwa ndani ya soksi. Akaona njia: atoe chupa moja sadaka, aipandishe bei mwenyewe, kisha zilizobaki aziuze nusu ya bei hiyo.

"Kamweneni, wapendwa!" akawasalimu kwa lugha ya wenyeji, chupa ya sadaka mkononi, sauti imelainika kama siagi juani. "Mnajua kwa nini marashi ni ghali? Waridi huchumwa alfajiri, jua halijaiba harufu. Linachemshwa pipani, mvuke unapita kwenye bomba la baridi, unadondoka. Tone... tone... Gunia zima la maua, mafuta yake hayajazi kijiko!"

Hapo hakudanganya. Zabron aliutumia ukweli kama chumvi, kidogo tu, ili uongo ulike.

Mama Tekla, mjane aliyedeki zahanati miaka kumi na tisa, akaomba kifuniko anuse. Akanusa tena. Akatabasamu kama aliyekutana na ndugu stendi.

"Elfu kumi," akasema.

"Ishirini!" akadakia Zabron.

"Hamsini."

"Themanini!"

"Mama Tekla, usikubali mgeni atushinde!" akapiga kelele mtu wa kwaya.

"Laki na arobaini," akasema mjane, akikaza kitenge. Angezitoa wapi? Hilo alimwachia Mungu.

Zabron akaziona laki mbili kwa macho ya roho. Mama huyu hakomi! "Laki na nusu!"

Mama Tekla akakaa. "Umenishinda, mwanangu. Ubarikiwe."

"Mara ya kwanza, ya pili, imekwenda!" akatangaza Mzee Masumbuko, mnadishaji. Kwaya ikamzunguka Zabron kwa vigelegele, mchungaji akamwekea mkono kichwani kumwombea. Nawe jaribu kukimbia huku umeshikwa kichwa unaombewa. Alipoambiwa amina, akavua kiatu, kisha soksi, akalipa.

"Sasa wapendwa," akasema kwa sauti iliyopauka, "ninazo nyingine thelathini na tisa, nusu bei..."

"Thelathini na tisa!" akasema Mama Tekla. "Baba, hayo maua si umeyamaliza Tanzania nzima? Harufu hii naijua. Tumeamka nayo miaka kumi na tisa, mimi na dekio langu."

Watu wakacheka mpaka kuku wa sadaka wakafungua kamba.

"Lakini hutalala njiani," akaendelea kwa upole. "Vyoo vya kanisa vinahitaji dawa. Mia tano kila chupa, nachukua zote."

Ikawa nauli ya Mbeya, na hindi moja la kuchoma.

Ndani ya basi Zabron alikumbatia ile chupa aliyoinunua. Kizibo kikavuja kidogo.

"Nani kamwaga dawa ya choo humu?" konda akauliza, akifungua dirisha.

"Kuwa na adabu, konda," akajibu Zabron. "Haya marashi ni ghali sana."

Na kwa mara ya pili siku hiyo, hakudanganya.