Samaki Aliyefunga Mwezi Mzima

Jumatatu, 21 Mei 1951

Maafa. Leo asubuhi Mzee Muhidin ametuita mimi na Hamidi, akatuambia baraza la duka lake halitoshi cherehani mbili. Baada ya Idd atabaki fundi mmoja. Pale patakapobaki wazi atapanga magunia ya chumvi. Chumvi! Nikamwuliza atamchaguaje. Akasema atatazama wateja wanakwenda kwa nani. Nikamwambia Mzee, umehukumu kwa haki. Kisha nikaenda uani nikakalia debe tupu.

Hamidi ana cherehani ya miguu, mimi nina ya mkono. Hamidi humaliza nguo siku ile ile aliyoahidi. Mtu wa tabia hiyo utashindana naye vipi? Na bila baraza lile mimi si fundi tena. Nyumba yetu iko nyuma ya nyumba nyingine mbili, hapapiti mtu isipokuwa mbuzi.

Hata hivyo mpango nimeupata kabla ya adhuhuri. Sisi huku juu Sumbawanga samaki wa ziwani tunamjua akiwa mkavu. Nani amemwona akiogelea ndani ya kioo, anakutazama? Nitamweka kando ya cherehani yangu. Watu watakuja kwa samaki, wataondoka wameagiza kanzu ya Idd. Nimempa salamu dereva wa lori azifikishe kwa Rafaeli, mvuvi wa Wampembe anayetuletea dagaa. Nataka wakubwa, tena hai.

Alhamisi, 31 Mei

Wamefika! Rafaeli amewaleta ndani ya debe, wamepanda mlima kichwani mwake na kumalizia safari katika lori. Walikuwa watatu. Mmoja amekufa njiani na Rafaeli amemla, anasema hakutaka aharibike.

Ni samaki wa kwenye mawe, wana mistari myeusi kama shuka ya gerezani. Mkubwa ana nundu kubwa kwenye paji la uso na anatazama watu kwa dharau. Nimemwita Jumbe. Wa pili ni mdogo, hana nundu ya maana, anajibanza pembeni kama anayengojea kutumwa. Huyo nimemwita Karani.

Nyumba yao ni lile sanduku la kioo la mke wangu, Adija, anamowekea maandazi ya kuuza. Nimeziba pembe kwa lami. Ni dogo kidogo. Jumbe akitaka kugeuka hana budi akunje mkia, kisha asubiri Karani apishe. Adija ameuliza maandazi atayaweka wapi. Nikamjibu Ramadhani inaingia, nani atakula maandazi? Akanikumbusha kwamba usiku wa Ramadhani watu hula maandazi kuliko mwaka mzima. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Jumamosi, 2 Juni

Baridi ya Ufipa haina huruma. Leo asubuhi Jumbe alikuwa amelala ubavu. Nilidhani amekufa, nikalia kidogo. Nikaweka jiko la mkaa chini ya sanduku. Jumbe akainuka. Lami nayo ikayeyuka, maji yakamwagika juu ya gauni la Bi Dominika wa misheni nililokuwa nimelikata jana. Amelichukua vile vile limelowa, akavuka hatua tatu, akampa Hamidi.

Nimeziba upya. Jiko sasa liko kando, na sanduku nimelifunika blanketi. Adija ameuliza ni blanketi gani. Tunalo moja tu, kwa hiyo swali lile lilikuwa la kunichokoza.

Jambo lingine la kusikitisha. Mchana kutwa Jumbe amemzunguka Karani huku anatetemeka mwili mzima. Baridi hiyo. Nimeongeza mkaa.

Jumatano, 6 Juni

Ramadhani mosi. Mwezi umeandama jana, na leo Karani hali. Nimempa dagaa, hataki. Nimempa minyoo, ugali, hata punje ya wali, ameufumba mdomo na kunipa mgongo. Jumbe anakula vyote. Nilijua: mimi nikipata samaki wawili, mmoja lazima awe wa kufa. Hamidi akasema, bila hata kuinua macho kwenye mshono, kwamba labda samaki ameonja maji yenye lami.

Ndipo akapita Bi Hamisa, mama mzazi wa Mzee Muhidin. Nikamwamkia shikamoo na kumweleza msiba wangu. Akachungulia kwenye kioo, akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema tangu lini hajala? Nikasema tangu juzi, lakini leo ndiyo amekataa kabisa. Bi Hamisa akasema, mwanangu Saad, samaki wako amefunga.

Amefunga! Nilitaka kumbusu mikono. Kabla ya alasiri mji mzima ulikuwa na habari, na aliyezipeleka ni mimi.

Ijumaa, 8 Juni

Watu tele. Wametoka msikitini wakaja moja kwa moja kwangu. Nimefurahi hadi nilipoona kinachotokea. Wamenizunguka hivi kwamba mwenye kitambaa mkononi hawezi kunifikia. Anajaribu kulia, anajaribu kushoto, kisha anamwachia Hamidi. Nimewahesabu wateja wangu wa leo. Ni rahisi kuwahesabu, maana hakuna.

Halafu Jumbe, saa ya adhuhuri, mbele ya umati, akala dagaa. Mtu mmoja akauliza na huyu mkubwa je? Nikajibu upesi kwamba huyu ni msafiri, katoka Wampembe, ana ruhusa, atazilipa siku zake. Wengi wakaridhika. Kalisti, seremala wa misheni, ambaye hata hafungi na alikuwa amekuja kuangalia tu, akauliza mbona hao wawili wamesafiri pamoja. Watu wengine wamezaliwa kuharibu shughuli.

Baya kuliko yote ni Maalim wa chuo cha Kurani. Aliinama akatazama, akaniuliza kwa upole: je, maji hanywi?

Nikainama nikapuliza mkaa.

Jumanne, 19 Juni

Siamini ninachokiandika. Nina kazi! Bi Hamisa amewaambia akina mama wote kwamba nguo iliyoshonwa kando ya samaki aliyefunga ina baraka. Bafta, vile vitambaa vyeupe vya kanzu, zimerundikana hadi kiunoni. Mzee Muhidin mwenyewe amenipa kanzu yake ya Idd, na amesema ataivaa kwenda kuswali nayo, kisha atatoa uamuzi wake kuhusu baraza. Hamidi amekosa rangi usoni.

Tatizo ni kwamba sina wakati wa kushona. Asubuhi nachota maji mtoni. Ni baridi kama barafu, kwa hiyo nayachemsha, kisha nangoja yapoe. Mkaa wa pasi umekwenda kwenye jiko la samaki, kwa hiyo siwezi kupiga pasi. Na nani atawaelezea wageni? Leo wamekuja watu kutoka Mwimbi, wametembea siku mbili. Huwezi kumkatisha mtu wa Mwimbi ukaenda kutia darizi shingoni mwa kanzu.

Na Hamidi ameanza uchawi wake. Mchana akanyoosha kidole akasema kwa sauti: mbona anatafuna? Watu wakainama. Kweli, Karani alikuwa anachezesha mataya, taratibu, kama mzee asiye na meno. Nikasema anavuta uradi, anamtaja Mungu. Maneno yametoka yenyewe, wala sikuyaita. Bi Hamisa akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nimeona aibu kiasi, lakini jioni zimeletwa bafta nyingine mbili.

Jumatatu, 25 Juni

Jumbe anampiga Karani. Amemchana mapezi. Karani amekonda, tumbo limeingia ndani, koo tu ndilo limevimba. Anajibana pembeni na hana pa kukimbilia, maana sanduku lote ni pembe. Adija akasema mnyama huyo anateseka. Nikamwambia hata mimi nateseka. Akasema ndiyo, lakini wewe hukuletwa kwa debe.

Wanahitaji nyumba kubwa, hilo limenidhihirikia. Nilimwomba Mzee Muhidin tangi lake la simenti la uani. Akaniuliza kama najua kwamba ndiyo maji wanayokunywa. Nikasema najua. Akaingia ndani.

Basi nimekwenda kwa Kalisti. Atanitengenezea sanduku refu kama mkono wangu mzima, nami nitamshonea mashati matatu. Yanaingia kwenye foleni baada ya kanzu zote. Vioo amesema hana. Nimempa vya dirisha la chumba chetu. Adija hajajua, kwa kuwa pazia lipo.

Jumanne, 26 Juni

Amejua. Upepo umelipeperusha pazia.

Jumanne, 3 Julai

Nimekwisha. Leo nilikuwa nimekaa kushona kwa dhati, wallahi, kanzu ya Mzee Muhidin iko chini ya sindano, bafta za wengine zimepangwa chini karibu na sanduku zisishike vumbi. Jumbe akamrukia Karani. Karani akakwepa. Nundu ile ikagonga kioo.

Sanduku zima likafunguka. Maji, lami, mkaa, majivu, vyote vimekwenda kwenye bafta. Nguo za nusu ya waumini wa Sumbawanga! Kanzu ya Mzee ina ramani nyeusi kifuani, ukiitazama kwa upande unaona kabisa Ziwa Rukwa. Nimesugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa. Sasa ni ziwa lenye harufu.

Jumbe amekufa. Adija amemkaanga kwa futari. Nilikataa kumla, kisha nikamla. Alikuwa mtamu mno, na hilo ndilo jambo jema pekee la mwezi huu.

Karani yu hai, Adija alimdaka kwa upande wa kanga. Tumemweka ndani ya karai. Bado hali, na bado kafumba mdomo.

Ijumaa, 6 Julai

Idd. Sijui nianzie wapi.

Watu wameswali na kanzu za mwaka jana, wengine na za ndugu zao. Mzee Muhidin alivaa koti juu ya kanzu kuukuu, amelifunga vifungo hadi kooni. Hamidi na wateja wake waling'aa. Nilijua bado nina karata moja. Nilikuwa nimetangaza kwamba baada ya swala Karani atafungua mwezi wake hadharani. Nilifikiri watu wakiona jambo kubwa la namna hiyo, watasahau nguo.

Wakaja wote, na hasira zao. Karai likawekwa barazani. Nikamtupia Karani tende iliyokatwa vipande vidogo. Hakuiangalia. Nikasoma dua fupi. Watu wakanung'unika. Mara Karani akafungua mdomo.

Wakatoka samaki. Wadogo sana, kama ukucha wa kidole kidogo, na kila mmoja ana mistari yake. Mmoja, watatu, kundi. Mtu akapiga ukelele kwamba kumbe siku zote alikuwa na chakula mdomoni! Kumbe alikuwa anatafuna kweli! Makelele yakazidi, wakasukumana, kivuli kikalifunika karai. Karani akafungua mdomo tena, na wale wadogo wote wakaingia mbio, akaufumba. Wakasema amewameza. Amewala watoto, siku ya Idd, mbele ya Maalim.

Bi Hamisa alijifunika uso kwa kanga, akaenda zake. Afadhali angenitukana. Mzee Muhidin alisubiri watu watawanyike, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kesho nihamishe cherehani, magunia ya chumvi yanafika. Nilianza kumweleza. Akasema Saad, mwanangu, nenda kale pilau.

Nilimkuta Adija amechuchumaa mbele ya karai. Nikamwambia tumedanganywa na samaki. Akasema hakuna aliyedanganywa na samaki. Akasema huyu ni mama, amekaa mwezi mzima na njaa ili watoto wake wapate pa kukaa mdomoni mwake, ndani ya kisanduku kisichotosha hata yeye, na mume wake kazi yake kupiga vichwa. Aliyasema hayo akinitazama mimi, si samaki.

Nimefikiri sana maneno yale. Naona yanamhusu Jumbe.

Jumapili, 15 Julai

Wiki nzima sikuandika, nilikuwa nimelala kifudifudi. Cherehani iko chumbani, chini ya dirisha lisilo na kioo, na nilisema haitamwona mtu tena. Lakini Adija ameishika. Amezifua bafta zile kwa siku tatu, zenye madoa ameyakata na kuzigeuza mashati ya watoto, zilizopona amezishona. Kanzu ya Mzee ameinunulia kitambaa kipya kwa akiba yake ya maandazi, akaipeleka mwenyewe, imetiwa darizi. Karani na wanawe amewakabidhi Rafaeli, akamwapiza awarudishe kwenye mawe yao. Juzi mteja alikuja hadi huku nyuma ya nyumba mbili, akapita mbuzi wote, akaniambia shikamoo, nikafurahi, kisha akauliza fundi yupo?

Nikamwita Adija.

Iliniuma hadi mchana. Halafu nikaona neema iliyomo. Kumbe kilichoniangusha muda wote ni kushona! Sasa kazi hiyo ina mtu wake, nami nina siku nzima ya kujishughulisha na samaki tu. Sanduku jipya la Kalisti limefika jana, halivuji hata tone. Leo nimemkimbilia Rafaeli kwenye lori kabla halijaondoka. Anasema ziwani kuna samaki aitwaye kuhe, hakuna mkubwa kama yeye katika jamaa za hao niliokuwa nao, akikomaa ni urefu wa mtoto anayeanza shule. Nimeagiza wawili.

Adija ameuliza, bila kuinua macho kwenye mshono, sanduku lina urefu gani. Nimemwonyesha, kuanzia begani hadi ncha ya vidole. Watajikunja.