Ombi la Kubadilishiwa Saa Isiyoishiwa Chaji

Kwa Bi. Monicah Ndinda,
Muuza simu na saa, Malindi.

Bi. Monicah,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa dukani. Mimi ni Ngumbao Chengo wa hapa Marereni, karani mstaafu wa kiwanda cha chumvi, na baba yake Cynthia, yule binti wa Kilifi aliyenunua kwako saa janja mwezi uliopita ili anizawadie. Saa yenyewe haina kasoro. Hilo ndilo lalamiko langu.

Inakupasa kwanza ujue kwamba tangu nistaafu, miaka kumi na mmoja sasa, mimi ni mgonjwa wa kukosa usingizi. Kila asubuhi humwambia mke wangu, Kahonzi, kwamba sikufumba jicho. Naye hunijibu, "Pole, Baba Cynthia, pumzika," kisha huchukua jembe akaenda shambani peke yake. Tuliishi hivyo kwa amani hadi saa yako ilipoingia nyumbani.

1. Chaji. Ulimwambia binti yangu kwamba chaji hukaa siku saba. Nilidhani ni maneno ya biashara. Simu yangu huzima kabla ya adhuhuri, na sijawahi kuilaumu. Lakini saa hii ikitiwa chaji Jumapili, Jumamosi ingali macho. Nimejitahidi kuichosha. Nimeongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, nimeipimisha moyo wangu mara arobaini kwa siku moja, nikaiwasha tochi na kuifungia kabatini mchana kutwa. Ilibakiwa na asilimia thelathini na moja.

2. Manufaa. Sikatai, inafaa. Hutaja hali ya hewa, na hunikumbusha dawa ya presha, ambayo zamani nilikuwa na uhuru wa kuisahau. Ila pia huhesabu hatua, wala hakuna aliyeiuliza. Siku niliyomwambia Kahonzi kwamba nimezunguka Marereni nzima nikitafuta dawa ya mbuzi, ilionyesha hatua mia nne na kumi na mbili. Hizo ni za kwenda kwenye kibanda cha kahawa cha Jimmy na kurudi.

3. Usingizi. Hapa ndipo ninapoumia. Cynthia aliiunganisha saa na simu ya mamake, kwa kuwa yangu ni kabambe, ile ya vibonye. Asubuhi ya kwanza nikasema kama kawaida kwamba sikufumba jicho. Kahonzi akavaa miwani, akasoma polepole: nimelala muda wa saa nane na dakika arobaini, na katika hizo, saa tatu ni usingizi mzito. Hakunikemea. Alisema tu, "Pole. Kesho huenda ukaupata." Tangu hapo husoma kila siku, chai ikimiminwa. Jumapili alisoma nusu saa nyingine, ya wakati wa mahubiri, na Mchungaji Hesbon alikuwa mgeni wetu wa chakula cha mchana.

4. Jembe. Sasa ninalo langu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima kubwa, unibadilishie. Nasikia zipo saa ambazo chaji yake huisha jioni ya siku ile ile, na wateja huzinung'unikia. Nipe hiyo, nami nitaisifu Marereni yote. Mchana inihesabie hatua, nitavumilia, lakini jua likizama izime, ilale kama viumbe wengine. Ikiwa huna, niuzie iliyoharibika. Tafadhali Cynthia asijue, maana alinunua kwa mapenzi.

Nisalimie wote wa dukani, na fundi aliyeupunguza mkanda wake ukanitosha. Jibu litanikuta shambani.

Wako mwenye kukuheshimu,
Ngumbao Chengo

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani siku tatu kabla sijapata mtu wa kuileta Malindi. Katika siku hizo nilimvisha Kahonzi saa, na yeye aone adha ya kupelelezwa. Usiku wa kwanza alilala muda wa saa tatu na nusu. Wa pili, saa nne. Wa tatu, saa tatu na robo. Nikamwuliza sababu. Akasema mimi hukoroma, na miaka yote hii akinisikia huondoka polepole akakae jikoni. "Nilichelea nikikugusa utaamka," akasema, "na nilijua ndiyo kwanza umeupata usingizi."

Usinibadilishie chochote. Hivi ninavyoandika ni saa nne asubuhi, nimetoka kupalilia, na Kahonzi bado amelala, saa iko mkononi mwake. Imebaki asilimia sita. Waya wake wa kuchaji umekatika. Tafadhali mpe mwingine huyu anayekuletea barua, arudi nao leo.