Kijiji Chetu Chapimwa Kama Ni "Vibrant"

Ninayo heshima kubwa kuwatangazia wananchi kwamba kijiji chetu, huku Nyanungu, kimepandishwa hadhi. Mwongozo kutoka juu unaagiza kila kijiji kiwe "vibrant", na kitakachofaulu kitachimbiwa kisima. Mimi, Mtendaji wa Kijiji, nililipokea neno hilo kwa unyenyekevu. Maana yake sikuiuliza, kwa sababu mtumishi makini akingoja kuelewa atachelewesha utekelezaji.

Niliunda Kamati ya Uchangamfu. Ilikaa, ikanywa soda, ikaazimia wananchi wapige makofi.

Siku ya tathmini, Bwana Felix, mtathmini kutoka mjini, alianza kuhutubia asubuhi. Jua lilipofika utosini makofi yalikuwa yamekauka. Wengine walisinzia, jambo ambalo halimo kwenye mwongozo.

"Hapa sioni vibrant," alisema akifunga begi. "Kisima kitaenda kwingine."

Roho iliniuma kweli, maana hata mimi nakunywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe.

Mama Nyangi, mjane aliyezeeka na ndoo kichwani, akainuka.

"Baba, hiyo kitu ndiyo nini?"

"Ni uchangamfu, mama. Watu wakiitwa, wanaruka!"

"Ndiyo hiyo tu? Si ungesema?"

Akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe la wizi wa ng'ombe.

Sasa, yowe la Wakurya halina ajenda wala akidi. Waliosinzia waliruka, waliokuwa mashambani wakaja mbio na fimbo na mapanga, mchungaji wa kanisa akatokea na kiatu kimoja. Wote walikimbilia kwenye yowe. Mtathmini peke yake alilikimbia, na huku kwetu anayekimbia yowe ndiye mwizi. Wakamfukuza katikati ya mihogo. Sijawahi kuona mtumishi wa umma aliyechangamka namna ile.

Walimkamatia lamboni, tope limemfika magotini. Ryoba, kamanda wa sungusungu, akamtambua.

"Samahani mzee, tulidhani ni wewe umechukua ng'ombe."

Mtathmini akahema, akaonyesha koo kwa kiu.

Mama Nyangi akasukuma ndama pembeni, akachota kwa kibuyu.

"Kunywa, baba. Mgeni hatumnyimi."

Aliyatazama yale maji, akatutazama sisi, akanywa. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili kitupu, kama mtambo wa kuchimba kisima uletwe kesho au leo hii hii.